Mtoto Mzima wa Mgomba Mgonjwa

Juma hili safu yetu inatoka bara, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Tulisafiri na aila yetu kwenda kumzuru binti yetu aliyeolewa Meru, upande wa Nkubu, na tukashika njia ya Embu, barabara ile inayopanda na kushuka mabonde kupitia Runyenjes na Chuka. Kila baada ya mwendo mfupi kuna mto unaoshuka kutoka mlimani, na baina ya mto na mto ni chai, kahawa na migomba. Ndizi huko huitwa marigu, na Meru ni miongoni mwa kaunti zinazoongoza nchini kwa zao hilo. Sisi watu wa pwani tunaopigia bei mikungu pale Kongowea ni nadra kujiuliza imetoka kwenye shamba la nani, na mwenye shamba hilo ana hali gani.

Mkwe wetu alitutembeza shambani mwake baada ya swala ya alasiri. Sehemu ya juu aliipanda migomba ya Kampala, ile ndizi tamu ya kuivia. Tulikuta majani yake yamegeuka manjano kuanzia ya chini, yamevunjika shingo na kuning'inia yakilizunguka gogo, na baadhi ya magogo yamepasuka karibu na udongo. Akakata gogo moja kwa panga akatuonyesha ndani. Katikati ya weupe mlikuwa na nyuzi za rangi ya hudhurungi iliyoelekea wekundu, zikipanda kutoka chini hadi juu.

"Hii ilikuwa karo ya watoto," akasema, wala hakuongeza neno.

Machipukizi ya migomba ile alipewa bure na jirani, kwa wema na nia safi, na hakuna aliyejua kwamba maradhi yamo ndani yake. Sehemu ya chini, karibu na nyumba, palikuwa na migomba ishirini mingine, yenye afya na mikungu mizito. Hiyo aliinunua kwa fedha, ikiwa miche midogo kwenye vifuko vyeusi, na muuzaji wa kitalu alimwambia kuwa asili yake ni maabara.

Hapo mama mwenye nyumba, mkwe mwenzetu, akatutupia suali. "Ninyi ndio watu wa kuandika, basi nifahamisheni. Mgomba haupandwi kwa mbegu. Kila mgomba ni kipande cha mamaye. Mama akiwa mgonjwa, mtoto naye huzaliwa na ugonjwa. Ndivyo tulivyopata hasara hii. Na hiyo ya maabara nayo ni vipande vya mama zao. Mbona yenyewe ni mizima?"

Hatukuwa na jawabu siku ile. Tulirudi Mombasa na deni, tukasoma na kuwauliza wajuzi, na makala haya ndiyo malipo yetu kwake. Huenda yakamfaa pia msomaji mwenye shamba Taveta, Kwale au kwingineko.

Tuanze na mgomba wenyewe. Lile gogo tunaloliona si shina. Ni mashina ya majani yaliyokumbatiana, moja ndani ya jingine, kama mkeka uliokunjwa. Shina la kweli ni tunguu lililo chini ya udongo. Katikati ya sehemu ya juu ya tunguu hilo, ndani kabisa ya majani yote, kuna nukta ndogo nyeupe isiyozidi ukubwa wa ncha ya kalamu. Nukta hiyo ndiyo inayotoa kila jani, na jani likishatoka husukumwa juu kupitia katikati ya gogo. Baada ya kutoa majani kadhaa ya makumi, nukta hiyo hugeuka kuwa ua, ikapanda mpaka juu na kuchungulia nje, na hapo ndipo mkungu huzaliwa.

Ndani ya nukta hiyo mna seli ambazo wataalamu huziita seli shina. Seli ni ile chembe hai ambayo kila kiumbe kimejengwa kwayo, na seli shina ni ile ambayo haijapewa kazi maalumu. Haijawa jani, haijawa mzizi, haijawa ganda la ndizi. Hugawanyika, na katika zinazozaliwa baadhi hubaki pale pale kuendeleza ukoo, nyingine husukumwa pembeni na kuanza kufunzwa kazi. Hata sisi wanadamu tunazo. Seli nyekundu ya damu huishi takriban siku 120 tu, kisha huondolewa, na nyingine mpya hutolewa na seli shina za uboho zilizomo ndani ya mifupa yetu. Lau kiwanda hicho kingesimama, damu yetu isingedumu miezi mingi.

Lakini kugawanyika peke yake hakujengi kitu. Fundi mwenye mawe mengi asiyejua juu ni wapi na chini ni wapi hatosimamisha nyumba. Kwa hiyo jambo la pili ni mwelekeo. Kila seli ya mmea ina upande wake wa juu na upande wake wa chini, na haisahau. Mkulima wa mhogo wa Kilifi analijua hili bila ya kufundishwa darasani: kipande cha mti wa mhogo hupandwa macho yakitazama juu, na ukikigeuza huota kwa shida. Mwaka 1878 mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Vöchting, alieleza majaribio yake ya vipande vya mti wa mwerebi. Alivining'iniza wima, kisha akavigeuza kichwa chini miguu juu. Mizizi iliendelea kutoka kwenye upande uliokuwa wa chini pale mti ulipokuwa hai, hata ukiwa sasa unatazama mbingu.

Siri yake ilifahamika baadaye. Mwaka 1928 Frits Went wa Uholanzi alithibitisha kuwapo kwa homoni ya mimea iitwayo oksini. Homoni hii hutengenezwa kwa wingi kwenye ncha changa, kisha hushuka kutoka seli hadi seli. Hushuka kwa sababu seli zimepanga milango yake ya kutolea oksini kwenye ukuta wa upande wa chini. Kila seli hupokea kwa juu na kutoa kwa chini, kama watu waliojipanga kupokezana ndoo wakati wa moto. Mkondo wa oksini unapopita ndipo mmea unapojua wapi pa kuweka mizizi, na wapi pa kupitisha mishipa ya maji.

Hapa tunafika kwenye jambo la tatu, nalo ndilo la ajabu zaidi. Mshipa wa maji wa mmea hujengwa kwa kifo. Seli zilizojipanga kwenye njia ya oksini huanza kujijengea kuta nene zenye ligini, ile dutu inayoupa mti ugumu. Zikishamaliza ukuta, hupasua ndani yake mfuko wenye maji makali ya kuyeyusha, na kila kilichomo humomonyoka. Kuta za baina yao hufunguka, na kinachobaki ni bomba tupu linalounganika kutoka mzizini hadi kwenye jani. Seli ile ingebaki hai, ingeziba njia. Wataalamu hukiita kifo hiki kifo kilichopangwa, kwa kuwa hakiletwi na jeraha wala njaa. Kina saa yake, mahali pake na sababu yake.

Msomaji asidhani kuwa hayo ni ya mimea pekee. Mkono wa mtoto tumboni mwa mamaye huanza ukiwa bapa kama kafi. Kisha, kabla ya mwezi wa tatu wa mimba, seli zilizo baina ya vidole hufa kwa utaratibu, na vidole vikaachana. Mwaka 2002 Tuzo ya Nobel ya tiba walipewa watu watatu, Sydney Brenner, Robert Horvitz na John Sulston, kwa kazi iliyosaidia kuufahamu utaratibu huu. Brenner alikuwa mzaliwa wa Afrika Kusini. Walimchunguza mnyoo mdogo wa urefu wa milimita moja hivi, wakahesabu seli zake moja moja tangu yai. Katika makuzi yake huzaliwa seli 1,090, na kati ya hizo 131 hufa kila mara, zile zile, kwa wakati ule ule. Seli zisipokufa pale zinapopasa kufa, hilo nalo ni maradhi. Saratani ni mfano wake mmoja.

Sasa turudi shambani Nkubu, tukiwa na mambo haya matatu mkononi.

Maradhi yaliyomwangusha mkwe wetu huitwa mnyauko fuzari, na wengine huyaita ugonjwa wa Panama. Huletwa na kuvu ya udongoni iitwayo Fusarium. Kuvu hiyo huingia kupitia mizizi, kisha hupanda. Hupanda kwa njia gani? Kwa yale mabomba matupu. Njia ambayo mmea ulijijengea kwa kifo cha seli zake ili maji yapite, ndiyo njia ambayo adui huipandia. Mgomba nao hujaribu kuziba mabomba yake ili kumzuia, na katika kuziba huko majani hukosa maji. Zile nyuzi za hudhurungi alizotuonyesha mkwe wetu ndizo mishipa yenyewe, iliyokwisha kuchafuka na kuziba.

Chipukizi la jirani lilikatwa likiwa na tunguu lake na mizizi yake, yaani pamoja na mabomba yake. Chochote kilichokuwa mle kilisafiri nalo. Ila ile nukta ya katikati, makao ya seli shina, haina mabomba bado. Seli zake ni changa mno. Hakuna iliyofikia umri wa kufa na kuwa mshipa. Maji huzifikia kwa kupenya kutoka seli hadi seli. Kuvu inayosafiri kwa mabomba hufika jirani ya mahali pale, ikakuta barabara imekwisha.

Basi hilo ndilo jawabu la mama. Mtoto wa maabara hakuchukuliwa pamoja na tunguu zima la mamaye. Amechukuliwa kutoka mahali padogo ambapo maradhi aghalabu hayajafika.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Huchaguliwa kwanza mama mzima, mwenye mkungu mzuri. Chipukizi lake humenywa tabaka baada ya tabaka mpaka kibaki kipande kidogo cheupe chenye ncha ile. Kipande huoshwa kwa dawa ya klorini, kisha huwekwa ndani ya chupa safi juu ya jeli yenye sukari, madini na homoni. Jeli hiyo aghalabu ni agari, ambayo hutokana na mwani mwekundu wa baharini. Sukari ile ina faida ya pili: kipande kikiwa kimebeba kuvu, siku chache hazipiti ila utaiona imechanua juu ya jeli, na chupa hutupwa. Kwa hivyo mche hupita kwenye chujio mara mbili.

Ndani ya chupa, homoni ndizo zinazoongoza. Mwaka 1957 Folke Skoog na Carlos Miller, huko Marekani, walionyesha kuwa mambo hutegemea uwiano. Homoni iitwayo saitokinini ikizidi, hutoka machipukizi mengi. Oksini ikizidi, hutoka mizizi. Basi fundi wa maabara huanza na ya kwanza, akayagawa machipukizi na kuyahamisha kila baada ya wiki kadhaa, na mwisho huwapa nafasi ya kutoa mizizi. Chipukizi moja huweza kuzaa miche mamia kwa njia hii. Mafundi waaminifu huweka kikomo cha kuhamisha, kwa sababu ukizidisha huanza kujitokeza miche yenye kasoro, hasa mifupi iliyodumaa.

Nchini Kenya njia hii iliwafikia wakulima wadogo mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati mnyauko, wadudu na ugonjwa wa majani vilipokuwa vimeyapunguza sana mavuno. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya KARI, ambayo sasa ni KALRO na ina kituo chake Embu, ilishirikiana na shirika la ISAAA. Miongoni mwa waliousukuma mradi ule ni Dkt. Florence Wambugu, mtaalamu wa virusi vya mimea. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja nacho kilizalisha miche. Kutoka huko migomba ya tishu, kama inavyoitwa, ikaenea katika mitaa ya Mlima Kenya.

Wako watu waliotuuliza kwa wasiwasi iwapo huku ni kuubadili umbile la mmea. Hukumu ya mambo kama hayo tunawaachia wenye elimu yake. Sisi tunaeleza lililo hakika tu: katika njia hii hakuna kinachoongezwa wala kupunguzwa kwenye urithi wa mgomba. Mche ni mgomba ule ule wa mamaye, kama chipukizi lilivyo. Ule mjadala mkubwa wa vyakula vilivyobadilishwa urithi, ambavyo serikali iliviwekea marufuku mwaka 2012 na kuiondoa mwaka 2022, hauihusu migomba hii.

Hata hivyo, tungekuwa tumewadanganya wasomaji lau tungeishia kwenye sifa. Mche wa maabara ni msafi, lakini usafi si kinga. Mtoto aliyelelewa ndani ya chupa hajaonja jua wala upepo. Lazima apitie kitaluni, chini ya kivuli na unyevu, wiki kadhaa, na akifika shambani ahitaji shimo pana, mbolea ya kutosha na maji ya uhakika. Akipandwa kiangazi na kuachwa, hufa upesi kuliko chipukizi la kienyeji. Na akipandwa kwenye udongo wenye kuvu, kuvu itamwingia kama ilivyomwingia mwenziwe, kwani akishatoa mizizi naye amejenga mabomba. Fusarium hukaa udongoni miaka mingi mno, hata pasipo mgomba. Kadhalika, virusi vingine, kama vile vya ugonjwa wa kudumaza migomba ulioenea Kongo na Burundi, huweza kuingia hadi kwenye ncha yenyewe. Ndiyo maana maabara hulazimika kumpima mama kwanza, na mnunuzi ana haki ya kuuliza kama kapimwa.

Hapo ndipo ulipokuwa uamuzi mgumu wa mkwe wetu. Alitaka kung'oa Kampala zote za juu na kurudishia Kampala za maabara mahali pale pale. Tulipompigia simu kumweleza tuliyoyasoma, alinyamaza kwa muda. Kuvu iliyozoeleka hapa kwetu huziangamiza Kampala na sukari ndizi, bali Cavendish huistahimili. Kwa hiyo ardhi ile ya juu haiwezi tena kubeba Kampala, ila Cavendish au zao jingine kabisa. Na Cavendish nayo haina amani ya milele: mwaka 2013 ilitangazwa kuwa aina kali zaidi ya kuvu hiyo, yenye kuiua Cavendish, imeonekana kaskazini ya Msumbiji, na Msumbiji si mbali na pwani yetu. Shamba lenye migomba iliyo nakala ya mama mmoja likipata adui mmoja, huanguka lote pamoja.

Basi ameamua hivi. Sehemu ya juu ataweka Cavendish nusu, na nusu nyingine maharagwe na viazi. Jembe na viatu vitakavyofanya kazi juu havitashuka chini kabla ya kuoshwa, maana udongo mchache unatosha kusafirisha maradhi. Bado kulikuwa na jambo lililomsumbua zaidi ya yote. Nyuma ya jiko kuna kishina kimoja cha muraru, ndizi ya kupika, kilichopandwa na marehemu mamaye. Kitaluni hakuiona ya aina hiyo. Kikinyauka hicho, kumbukumbu ya mamaye imekwenda, na chakula cha nyumba kimekwenda.

Kwa kishina hicho tulishauriana taratibu. Kwa kuwa bado ni kizima, atakizungushia uwa, asiingie mtu na jembe la juu. Atatoa machipukizi mawili makali, ayamenye mpaka yawe meupe pasipo doa wala nyuzi za hudhurungi, ayachovye kwenye maji ya moto yanayochemka kwa nusu dakika ili kuua funza na minyoo ya mizizi, kisha ayapande kwa dada yake upande wa Embu, kwenye ardhi ambayo haijawahi kuwa na mgomba mgonjwa. Maji ya moto hayaiondoi kuvu iliyo ndani ya mishipa, na ndiyo maana kumenya na kutazama kwa makini ni lazima. Chipukizi la tatu amepanga kulipeleka kituo cha utafiti, aulize kama ncha yake yaweza kukuzwa.

Na migomba ile ishirini ya chini anaipunguza kama wafanyavyo wakulima wazoefu: kwenye kila kishina hubaki mama, binti na mjukuu, wengine huondolewa. Wahenga wetu walisema mgomba haushindwi na mkunguwe. Lakini ukishauzaa mkungu huo, hufa, na binti huwa tayari amesimama ubavuni mwake.

Mama mkwe, deni letu ndilo hilo. Umetuandalia mukimo na ndizi za muraru, nasi tumekulipa maneno. Tukijaaliwa kurudi, tutakuja na kitu kizito zaidi. Wasomaji wenye mashamba ya migomba watuandikie yaliyowafika. Hadi juma lijalo, in shaa Allah, tunawaaga kwa salama.